Mashine Moja, Vyumba Vitatu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Wanakuja! Alhamisi! Metroni katutangazia asubuhi: timu kutoka wizarani itapima kama hospitali yetu iko tayari kupokea majeruhi, kufanya upasuaji na kuhudumia dharura. Baada ya hapo hospitali moja tu itapewa chumba kipya cha upasuaji, mashine na muuguzi wake. Moja! Nimemwaga chai juu ya maboksi ya bendeji.

Mke wangu ni muuguzi wa upasuaji. Chumba chetu cha upasuaji kilipokufa, mwaka juzi, walimhamishia hospitali kuu mjini, nami nikabaki na stoo yangu, mto wake na mama yake. Huja mwisho wa mwezi, analala siku mbili, anaondoka. Tukishinda, atarudi. Hesabu nyepesi.

Metroni anataka tuwaonyeshe hali halisi, kila kibovu kama kilivyo. Mama huyu kazi imemchosha. Hapa wakaguzi wakija tunatandika mashuka mapya, wakiondoka tunayarudisha stoo. Ndivyo tulivyolelewa.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimempigia simu mtunza stoo mwenzangu wa hospitali ya ng'ambo ya mto. Tunamwita Kitambi. Kabla sijaoa alikuwa akimzengea mke wangu, anampelekea sabuni za stoo. Nikajifanya namjulia hali. Kumbe hajaandaa lolote! Paa linavuja, na ndoo kaiacha pale pale chini ya tundu. Nilicheka hadi nikakohoa. Bwege huyo.

Jioni nimeipaka rangi mashine ya nusukaputi. Imekufa kabisa, ila sasa imekufa ikiwa nyeupe. Nimeichomekea kitaa cha kijani kinachowaka kwa betri za redio ya mama mkwe. Amekosa taarifa ya habari. Anasema mkwe wa aina yangu hamwombei hata adui yake.

Nalala upande wangu wa kitanda. Upande wake siugusi. Jamani, nimemkumbuka! Akinawa mikono, hata hapa nyumbani, ananawa mpaka viwikoni, kisha anaiinua juu maji yachuruzike, anasubiri nimpe taulo. Natamani kumpa taulo tu, basi.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mazoezi. Mashine ya oksijeni tunayo moja, na inatakiwa iwepo mapokezi ya dharura, chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi. Mpango: wageni wakishaiona chumba kimoja, nawapotezea muda kwa maelezo, mlinzi anaisukuma kwa korido ya nyuma hadi chumba kinachofuata na kuifunika shuka la rangi nyingine. Gurudumu lilikuwa linalia, nimelipaka mafuta ya kupikia. Mlinzi alikubali kwa sharti moja: avae koti jeupe. Alipolivaa tu akaanza kuwauliza wagonjwa wanaumwa wapi!

Mchana kaletwa dereva wa bodaboda, mguu umevunjika, mfupa uko nje. Tukamfunga, tukamchoma sindano ya maumivu, tukampakia kwenye ambulensi kwenda hospitali kuu. Safari ya nusu siku. Mkewe alilikimbilia gari hadi getini, kanga mkononi. Sikuweza kumtazama.

Nikampigia mke wangu ampokee mgonjwa. Akasema atampokea. Akasema pia ana neno zuri la kuniambia, ila bado halijaiva. Nikamwambia hata mimi ninalo. Tukacheka, na hakuna aliyetaka kukata simu.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Ushindi! Mganga Mkuu yuko likizo, Metroni kaitwa wodi ya wazazi. Nikabaki mimi na kiongozi wa timu, daktari mmoja wa miwani, mama mpole. Mapokezi ya dharura akaikuta oksijeni, shuka la bluu. Chumba cha upasuaji akaikuta, shuka la kijani. Alitaka kuiwasha ile ya nusukaputi. Nikamwambia imeshatakaswa kwa ajili ya upasuaji wa mchana. Akaurudisha mkono wake haraka na kuniomba radhi!

Wodi ya wazazi mlinzi alichelewa kutoka. Akakutwa kaishika mashine, jasho linamtiririka. Mama wa miwani akauliza mbona daktari huyu amemwona kila chumba. Nikasema ni mapacha. Akauliza, watatu? Nikasema mama yao alibarikiwa. Metroni alifumbua mdomo aseme, lakini mikononi alikuwa na mtoto anayetoka, ikabidi aufumbe.

Mwisho mama wa miwani akatamka kwamba hospitali hii inajitosheleza. Inajitosheleza! Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Nimefua foronya ya mto wake.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Tumekuwa wa kwanza. Asilimia tisini. Tumepewa cheti.

Chumba cha upasuaji kaenda kupewa Kitambi.

Nilidhani wamekosea. Metroni akanieleza taratibu, kama anamwamsha mtu kutoka usingizi wa nusukaputi: walikuwa wanatafuta penye upungufu mkubwa, wapeleke huko. Akasema alijaribu kuniambia. Nikakaa juu ya boksi la glavu.

Jioni mke wangu kapiga simu. Lile neno lake zuri lilikuwa hili: aliomba, na akasaini, kupangiwa popote kitakapopelekwa chumba kipya. Alijua kwa uhaba hakuna wa kutushinda sisi. Alitaka nimwone tu mlangoni na masanduku yake. Sasa anaripoti ng'ambo ya mto mwanzo wa mwezi, muuguzi wa upasuaji peke yake, na likizo hakuna mpaka mwaka uishe kwa sababu hana wa kumshikia zamu, mchana wala usiku. Hata zile siku mbili za mwisho wa mwezi hazipo tena.

Akaniuliza, mume wangu, asilimia tisini mmezitoa wapi? Nikasema ni Mungu tu. Akalia. Nami nikalia. Mama mkwe akaninyang'anya simu, akalia naye.

Jumanne, tarehe 19 Machi

Metroni amekuja stoo. Anasema bado hawajatia sahihi ya mwisho. Yule mama wa miwani yuko ofisi ya mkoa hadi Ijumaa, niende nikamweleze ukweli wote: rangi, kitaa, mapacha. Atasikitika, atarudi kupima upya, na chumba kitakuja hapa. Nauli atanipa yeye.

Nimefikiria sana. Kweli niende nikajiaibishe mbele ya mama wa watu? Na kile cheti tumeshakitundika! Metroni hana ubunifu, ndiyo shida yake. Nimemwambia nauli abaki nayo.

Kwa maana nimeshapata njia. Wagonjwa wetu wote wa upasuaji sasa watapelekwa ng'ambo ya mto, na atakayewapokea ni mke wangu. Kwa hiyo nitaumwa kidole tumbo. Nimewauliza wauguzi wodini kinauma upande gani, wakacheka, hawakujibu. Nimejichagulia kushoto, karibu na moyo, maana huko kunauma kweli. Mwezi ukianza tu, naanguka.