Raba Kumi na Mbili za Gelu Pârvan

Siku Gelu Pârvan alipoliona gari la jipu la Veturia likifunga breki mbele ya soko la Hațeg, alikuwa anakula soseji za kuchoma kwa pesa ya mtu mwingine. Magurudumu yalisimama. Bodi haikusimama. Ilisogea mbele kidogo, ikafikiri, ikarudi kwa kishindo, gudu! Mlango ukafunguka wenyewe, akashuka mama wa miaka hamsini na kitu, kitambaa cheusi kichwani, akaufunga kwa kamba.

Gelu akaacha kutafuna. Jamani, kwa Gelu kuacha kutafuna si jambo dogo.

Kutu ilikuwa imelila jipu lile hadi rangi yake haijulikani, lakini Gelu, ambaye kabla ya utapeli aliwahi kufukuzwa gereji tatu, aliujua ugonjwa wake papo hapo. Bodi ya jipu la namna ile haikuchomelewa kwenye chesisi, ule mgongo wa chuma chini ya gari. Inakalia raba kumi na mbili nene, kila moja na bolti yake. Raba zikichakaa bodi inacheza, milango haifungi, na mwenye gari anadhani limekufa. Dawa yake ni raba mpya na mchana mmoja wa jasho.

Na huko mlimani kulikuwa na Pamfil, mfuga kondoo, aliyehangaika mwaka mzima kutafuta jipu la kumpandisha zizini. Alikuwa tayari kulibadilisha kwa nyumba aliyoachiwa na shangazi yake, vyumba viwili nyuma ya stesheni. Mwisho wa kuletewa ni Jumapili. Gelu alikuwa na miaka arobaini na mitatu, akilala jikoni kwa dada yake, miguu chini ya jiko. Duniani hakutaka kitu kama alivyoitaka nyumba ile.

"Pole sana, mama."

"Pole ya nini? Nilifiwa mwaka juzi, umechelewa."

"Pole ya gari." Gelu akapiga magoti, akachungulia chini, akainuka na uso wa daktari aliyekosa la kusema. "Mgongo umevunjika, mama yangu. Siku moja utafunga breki hapa, bodi iende mpaka Bucharest."

"Mungu wangu! Na kabichi zangu?"

"Mimi tatizo langu ni huruma. Unaliona gari dogo lile jekundu? Chukua wewe. Mimi nibaki na hiki chuma chakavu."

Gari jekundu liling'aa kweli, kwani Gelu alilipaka nta kila asubuhi. Asichokisema ni kwamba ndani ya giaboksi alikuwa ametia konzi mbili za unga wa mbao ili meno yasilie. Veturia akaliwasha, akatega sikio.

"Halina kelele hata kidogo."

"Kimya kama kanisa, mama."

"Kimya kweli," akasema Veturia, akilitazama.

Hațeg karatasi ni karatasi tu. Biashara inafungwa kwa aldămaș: muuzaji, mnunuzi na shahidi wanagonga glasi za pombe kali ya plamu. Wakishameza, hata farasi afie getini, harudishwi. Anayejaribu kurudisha hatauziwa hata yai wilaya nzima. Muuza soseji akawa shahidi, wakameza.

Kwenye glasi ya tatu ulimi wa Gelu ukaanza kuwasha. Hapo ndipo watu wa kazi yake wanapoharibikiwa. Kuiba wanaweza, kunyamaza hawawezi.

"Mama Veturia, nikupe siri? Mgongo ni mzima! Ni raba tu!"

"Raba?" Veturia akashika kifua.

"Raba kumi na mbili! Kesho nanunua mpya, na Jumapili Pamfil wa zizi la juu ananipa nyumba!" Alicheka mpaka pombe ikamtokea puani.

Veturia akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Ama kweli mjini kuna watu. Haya, mwanangu, Mungu akubariki."

Kesho yake Gelu akatoa saa yake ya mkono, akapata raba mpya kumi na mbili. Uani kwa dada yake akalegeza bolti. Zilifunguka kirahisi, na hilo peke yake lingepaswa kumtisha, maana bolti yenye kutu ya miaka thelathini haifunguki kirahisi hata kwa maombi. Akaweka ubao juu ya jeki, akapampu, bodi ikapanda vidole vinne. Akachomoa raba ya kwanza. Chini yake chesisi ilikuwa nyeusi, imepakwa lami vizuri. Akaikwangua kwa bisibisi.

Bisibisi ikazama mpaka mpini.

Akaivuta, ikatoka na kipande cha gunia. Akachoma pengine, ikatoka na bati la kopo la nyanya. Chesisi haikuwepo! Kulikuwa na kutu, makopo, magunia na lami, kazi ya mtu mwenye subira. Kisha jipu likatoa mlio mdogo, likakunjika katikati, likalala.

"Gelu," dada yake akaita dirishani, "hiyo ndiyo nyumba?"

Gelu akakaa chini akalia, kwa sauti, bila aibu. Zile raba mbovu ziliachwa makusudi. Mjanja akishaona kosa ambalo anadhani mwenyewe halijui, haangalii zaidi.

Jumapili akabeba raba zake kwenye mfuko, akapanda mlima kwa miguu, mwendo wa saa tatu. Angemwambia Pamfil: jipu liko gereji, raba hizi hapa, nipe wiki moja tu.

Zizini kulikuwa na jipu. La zamani, lina kutu milangoni, lakini limenyooka. Kando yake Veturia alikuwa anakata jibini.

"Karibu, mwanangu. Marehemu mume wangu aliacha mawili. Moja la kuendesha, moja la kubadilishana."

"Mama, umeniua! Na gari langu?"

"Nimetoa unga wa mbao. Linapiga kelele kama cherehani, lakini linakwenda."

"Ile nyumba..." Gelu akautua mfuko wa raba. "Mimi nalala chini ya jiko, mama."

Veturia akaacha kukata. Alimhurumia, na hakuigiza. "Mimi nalala kwa mke wa mwanangu. Ananifichia sukari."

Pamfil akatambaa kutoka chini ya jipu, nyundo mkononi. "Chesisi chuma kitupu! Ila raba zimekwisha kweli. Ah, Gelu! Kumbe fundi ambaye mama alisema ataleta raba ni wewe?"

Gelu akamtazama Veturia. Veturia akatazama jibini.

Angesema nini? Kwamba jipu lake limelala uani, na Hațeg nzima ianze kumcheka? Akavua koti, akaingia chini. Mchana kutwa alifunga raba zake mwenyewe, bolti baada ya bolti, na kazi ilikuwa safi kuliko zote alizowahi kufanya gereji. Mlango ulifungwa kwa kidole kimoja. Pamfil akafurahi mpaka akambusu.

Kisha zikaja glasi tatu.

"Shahidi?" Pamfil akauliza.

Mlima mzima hapakuwa na mtu mwingine. Gelu akainua glasi, akautazama ufunguo wa nyumba ukiingia mfukoni mwa Veturia, akameza.

"Biashara imefungwa," akasema.