Nadhiri ya Kamba Bafuni

Sheria mpya ya Kaisari ilibandikwa asubuhi kwenye mlango wa kanisa kuu hapa Antiokia. Kabla Marta muuza mvinyo hajachemsha birika la pili, Kalamu alishatufikishia habari kijiweni. Kalamu huandikia watu barua sokoni, kwa hiyo hasomi, anahutubia.

"Aliyeahidi kujenga kanisa, atalijenga! Akifa, watoto wake watalijenga!"

Wote tukamgeukia Kamba, yaani Barsoma muuza kamba. Mwezi jana ardhi ilipotetemeka tulikuwa naye kwenye bafu la umma. Alipiga magoti uchi wa mnyama, akalia: "Mtakatifu Theodori, nitoe hapa hai, nakujengea kanisa!"

"Ile ilikuwa hofu," akasema Kamba. "Ahadi ya mtu aliye uchi haihesabiki."

"Imeandikwa wapi hiyo?" Kalamu akauliza.

"Tena ulisema lenye kuba," nikachomekea.

"Wewe mshona viatu, kuba limetoka wapi?"

"Kuba la dhahabu," Marta akasema huku anakoroga.

"Marta, we hata hukuwepo!"

"Kwa zile kelele? Nilisikia nikiwa hapa hapa."

Tukacheka mpaka Kalamu akatuambia shemasi wa askofu anapita leo kuuliza mashahidi. Kamba akajibwaga kwenye benchi letu.

"Jamani, mimi nina duka moja na mabinti watatu. Nikiliuza, watakula mawe ya msingi?"

Nikamwonea huruma, kusema kweli.

"Tulia, mwanangu," Kalamu akafunua nakala yake. "Kuna mlango wa nyuma hapa. Asiyeweza kujenga jipya, akarabati la zamani lililobomoka. Sifa ni zake vilevile."

"Lipi sasa?"

Marta akagonga ukuta tuliouegemea, ukuta wa kikanisa kilichokosa paa tangu enzi za babu zetu. "Si hiki hapa?"

"Marta, we malaika!" Kamba nusura ambusu.

Shemasi alipofika, tuliapa wote kwa mikono juu kwamba Kamba ni mtu wa duka moja tu, jipya haliwezi, atakarabati hiki. Mimi nikazidisha kidogo, nikasema hata kabla ya tetemeko alikuwa akiuangalia ukuta huu anatokwa machozi. Shemasi akafurahi sana. Akazunguka jengo, akapima kwa hatua, akarudi kusimama mbele yetu.

"Mlango wake ulikuwa hapa. Inukeni."

Tukainuka. Akang'oa benchi letu yeye mwenyewe, akachora msalaba chini pale pale Kamba alipokuwa amekaa. "Askofu atakuja kusimika msalaba wenyewe hapa kabla ya ujenzi. Na wewe mama, jiko lako ondoa. Mlangoni pa kanisa hapauzwi mvinyo."

Alipoondoka, hakuna aliyemtazama Kamba kwa wema.

"Miaka kumi na moja nipo hapa," akasema Marta. "Kumi na moja!"

"Wazo lilikuwa lako, dada," Kamba akajitetea, sauti ndogo. "Sasa tutakutana wapi?"

Marta akajitwika birika lake.

"Humo humo ndani, Jumapili. Mvinyo utakuwepo, tone moja, na utatubu kwanza."