Vita vya Binti Kipanya na Goti Lililokataa Kukunjika

Sogeeni, enyi wenye masikio! Mwenye goti zima na apige magoti, mwenye bovu na aketi, kwani nasimulia vita visivyomwaga damu wala jasho, ila nusu kikombe cha chai juu ya kibodi.

Palikuwapo Binti Kipanya, shujaa wa chumba cha kompyuta cha hospitali, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mkono wake wa kuume haukuachana na kipanya tangu asubuhi hata jioni. Alikabidhiwa picha mia nne za skani ya goti la Mama Mshonaji, kila moja kipande chembamba cha goti lile lile, naye akaipaka mifupa rangi nyeupe, picha baada ya picha, ili kompyuta ijenge goti na kulikunja. Likikunjika, daktari wa mifupa angejua pa kukata. Lisipokunjika kabla ya saa sita, upasuaji ungeahirishwa mara ya tatu, na Mama Mshonaji, aliyeketi na fimbo yake kwenye benchi la mlangoni, angerudi kuitazama kwa mbali cherehani yake ya kukanyaga kwa mguu.

Saa tano na nusu shujaa akabonyeza. Lahaula! Mguu mzima, paja na muundi, ukazunguka kiooni kipande kimoja kama pangaboi, na nusu kikombe cha chai ya shujaa ikamwagikia kibodi.

Mama Mshonaji akachungulia. "Mwanangu, hilo ndilo langu?"

"Ndilo, mama."

"Basi limepona kunishinda."

Ndipo akaingia Mkuu wa Maabara, Simba wa Vikao, Mwenye Kalamu Tatu Mfukoni, ambaye jana yake alimnyang'anya Binti kipanya chake ili amwonyeshe jinsi wakubwa wanavyopaka. Akakohoa, akahutubia:

"Tatizo la vijana wa leo ni haraka! Katika miaka yangu ishirini sijaona goti linalopaa. Anza upya!"

"Sawa, mzee," akajibu shujaa, kwa adabu yenye ncha.

Hakuanza upya. Akashuka vitani, picha moja moja, macho yakimwasha, akikagua mpaka wa falme mbili, Paja na Muundi, hata akaifikia ya mia mbili thelathini na saba, iliyopakwa na Mkuu kwa mkono wake mtukufu. Hapo, katikati ya mwanya, palikuwa na nukta nyeupe. Nukta moja! Ndogo kuliko punje ya chumvi. Lakini kwa kompyuta vinavyogusana ni kitu kimoja, hivyo mifupa miwili ilikuwa imeozeshwa bila kuulizwa.

Shujaa akainua kidole. Majeshi yote yakanyamaza, yaani feni ya kompyuta. Akabonyeza kifutio. Nukta ikafa.

Goti likakunjika, taratibu, kiungwana. Daktari akaitwa, akapima, akasema, "Kesho asubuhi, mama." Mama Mshonaji akagonga fimbo sakafuni mara tatu, na mizinga ya wafalme haijawahi kulia vizuri vile.

"Kumbe ilikuwa nini?" akauliza Mkuu.

"Nukta, mzee. Picha ya mia mbili thelathini na saba."

Basi na iandikwe, vizazi visome: siku ile, dakika nane kabla ya saa sita, Binti Kipanya aliiangusha nukta na cherehani ikaokolewa. Naye Simba wa Vikao akakumbuka ghafla kwamba ana kikao, akatoka mbio, magoti yake yote mawili yakikunjika bila kasoro.