Hewa ya Ghorofa ya Tano

Jumanne, 3 Desemba
Maji ya moto ya kupashia nyumba joto yamerudi. Mafundi wa mji wameziba bomba lao barabarani na, kama kawaida yao, wametusukumia hewa tupu. Hewa hupanda. Nani yuko juu kabisa? Mimi, Lukich! Koki ya kuitolea iko kwenye rejeta yangu ya sebuleni, lile chuma la ukutani linalotupa joto, ufunguo wake mfukoni mwangu. Nisipoifungua, maji hayazunguki, na rejeta zote za chini yangu zinabaki chuma baridi.

Miaka yote natega beseni, navuta uvundo, sisemi kitu. Zamani Bi Minnigul wa ghorofa ya nne alinipandishia pai ya viazi kila nilipofungua. Mwaka jana hakuna pai. Mwaka huu hata salamu ngazini hakuna. Sasa ng'o! Sifungui mpaka waniombe. Hasa binti yake, Rauza. Mjane, mpishi hodari. Aje mwenyewe.

Jumatano, 4 Desemba
Ametangulia Farit wa ghorofa ya pili. Dereva mstaafu, kiherehere namba moja. Aliuliza nimelala au nimekufa, watu wanaganda huko chini. Nikamwambia ufunguo umepotea. Akasema basi tutumie bisibisi. Nikamwambia rejeta hii ya zamani, haichezewi. Akashuka anacheka.

Kuna kasoro ndogo katika mpango. Rejeta yangu ndiyo baridi kuliko zote! Naandika nimevaa koti na buti za sufu, kalamu inagoma. Shauri yao. Tutaona nani atachoka kwanza.

Ijumaa, 6 Desemba
Rauza amekuja! Mikono mitupu. Alisimama mlangoni na shali mbili, akasema kaka Lukich, mama anakohoa tangu juzi, hapati usingizi, tafadhali tufungulie. Moyo ulilainika. Nilishatia mkono mfukoni. Halafu akaongeza kwamba Farit amewaletea hita ya umeme, Mungu ambariki.

Farit! Nikautoa mkono. Nikasema bado nautafuta ufunguo, labda kesho. Akashuka. Hicho kikohozi nimekisikia sakafuni siku nzima. Wajenzi gani hawa, sakafu nyembamba namna hii?

Jumamosi, 7 Desemba
Nimeamua kufungua, ila mbele ya watu, wajue nani ni nani katika jengo hili. Nikawaita wote. Akaja Farit peke yake; Rauza alibaki na mama yake. Nikautoa ufunguo. Farit akaguna, kumbe haukupotea. Nikasema nimeuona sasa hivi.

Haukuingia. Lo! Wakati wa kiangazi niliisugua ile rejeta, nikaipiga rangi ya mafuta mara tatu, nyeupe ya kung'aa. Na koki pia, ipendeze. Rangi imegandamana nayo. Farit akaniambia kwa upole, acha, Lukich, tumwite fundi, usiilazimishe.

Mimi nifundishwe na dereva? Nikaikamata kwa koleo, nikakaza. Ikakatika! Ukatoka upepo, halafu maji meusi mpaka darini, yananuka yai viza. Nikaziba kwa kidole, yakaniunguza. Nikaziba kwa mto. Farit akakimbilia chini kabisa kufunga bomba la jengo. Kabla hajafika, lile tope lilishapenya sakafu yangu na kumwagikia kitanda cha Bi Minnigul. Rauza alipiga ukelele ambao mpaka sasa sijautoa masikioni.

Jumatatu, 9 Desemba
Bomba letu limefungwa, fundi haonekani, madirisha yameota barafu kwa ndani. Jana gari la wagonjwa lilimchukua Bi Minnigul. Mapafu yote mawili. Ngazi zetu ni finyu, walimshusha ndani ya blanketi. Nikashika pembe moja. Rauza akaniambia niachie. Hakufoka, alisema tu, niachie. Imeniuma sana. Watu hawana shukrani! Aliyeamua kufungua si mimi?

Jumapili, 15 Desemba
Bi Minnigul alifariki Alhamisi. Ijumaa wakamzika, ilibidi wawashe moto juu ya ardhi iliyoganda kwanza ndipo ichimbike. Leo wamemsomea dua. Nilikwenda. Rauza alinimiminia chai ya maziwa, hakuniangalia usoni. Nililia, kweli nililia. Farit alikuwa anapanga viti kama mwenye nyumba.

Fundi ametia koki mpya, inafunguka kwa vidole, haitaki ufunguo. Kwenye bomba langu ameongeza na valvu yenye mkono mwekundu. Nikiifunga, maji yanasimama papo hapo, kwangu na kwa wote walio chini yangu, hakuna haja ya kukimbilia chini. Farit amesema ni kwa usalama wa wote.

Jengo zima lina joto sasa. Rauza yuko peke yake kule chini, hana hata wa kumsemesha, na hapandi. Apandie nini, na rejeta yake inawaka?

Nimeuzungusha ule mkono mwekundu mpaka mwisho. Nimeweka birika, nimechana nywele, nimekaa karibu na mlango. Safari hii sitamringia. Akibisha tu, namfungulia.