Kasuku Aliyeomba Ndoo

Jumatatu, 5 Oktoba 1987

Ndoo! Sauti hiyo haijanitoka masikioni tangu jana alasiri. Sauti ya mwanamume mzee, kavu, yenye kukwaruza. Ilitanguliwa na kikohozi. "Mwanatumu, ndoo!" Kimya. Kikohozi tena. "Ndoo!"

Ilitoka katika duka la mshoni, nyuma ya ukuta wetu. Duka hilo sijaliona likifunguliwa hata siku moja tangu mimi na Adhiambo tupange chumba hapa Malindi, wiki tatu sasa. Kufuli kubwa mlangoni. Wapita njia wanasikia, wanacheka, wanakwenda zao. Wanacheka! Mgonjwa amefungiwa ndani, anaomba maji, na mtaa mzima unacheka!

Nilijaza ndoo. Nikapanda juu ya mawe, nikasukuma dirisha. Komeo lilikuwa limelegea, sikulivunja. Ndani mwanga haba, cherehani iliyofunikwa, na tundu la ndege limening'inia darini. Tunduni, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Nikamwonyesha ndoo. Akaitazama ndoo. Akanitazama mimi. Akakohoa.

Nimemwokoa. Nalitilia mkazo neno hilo kwa sababu Adhiambo, aliporudi kutoka hospitali anakofanya kazi ya uuguzi, alitumia neno jingine. Alisema, "Wewe Mwalimu, umeiba kuku ya watu." Nikamwambia, kwanza, ni kuku wa watu. Pili, si kuku. Akasema basi hapo ndipo wizi umezidi ujinga, maana kuku angalau tungemla.

Kwa ajili ya ukweli naandika pia kwamba tunduni mlikuwa na maji safi na ndizi iliyomenywa. Hilo halibadilishi kitu. Mfungwa naye hulishwa.

Nimempa jina. Fasihi.

Jumanne, 6 Oktoba

Shukrani hakuna! Nilimwachia Fasihi meza yangu ya kusahihishia madaftari. Nikamwekea tawi la mpera, kipande cha papai, na redio kwa sauti ya chini, taarifa ya habari, ili azoee lugha nzuri. Nikanyoosha kidole kumkaribisha nyumbani. Akaking'ata. Damu! Adhiambo alipokuja kunifunga kidonda, Fasihi akamwinamishia kichwa akunwe shingo. Adhiambo, ambaye hajamfanyia lolote! Ambaye amemwita kuku!

Lugha yake inasikitisha. Amesema "nina ndaa" mara tatu. Watoto niliowafundisha Kakuyuni kabla ya kuhamishiwa huku hawakusema hivyo, nao walikuwa wakitembea saa nzima kufika shuleni. Nilimweleza kwa upole: njaa. Akakohoa.

Lakini kinachoniuma ni ile ndoo. Kutwa kucha: Mwanatumu, ndoo. Nimemfikiria sana huyo Mwanatumu. Bila shaka ni mke. Bila shaka mgongo umempinda. Mume ameketi zake, tafadhali hasemi, neno moja tu linamtoka, ndoo, na mke anakimbilia kisimani. Miaka mingapi, hata ndege akalikariri? Nilisahihisha insha ishirini nikiwa na hasira, na nadhani niliwapunguzia alama wavulana peke yao.

Nimekata shauri. Nitalifuta neno hilo kinywani mwake. Mahali pake nitaweka jina langu.

Alhamisi, 8 Oktoba

Mpango wenyewe ni huu. Akisema ndoo, namwambia, "Ndoo, hapana!" kisha nafunika tundu kwa leso. Akisema Jedida, anapata njugu. Ili kumtia moyo nampa njugu hata kabla hajasema. Matokeo ya siku mbili: njugu arobaini na moja zimeliwa. Jedida halijasemwa. Adhiambo ameuliza kati yetu nani anamfundisha mwenzake.

Lakini leo, tangu adhuhuri mpaka magharibi, hakusema ndoo hata mara moja! Ushindi! Ameketi pembeni amejikunyata, kimya, hata kikohozi kimepungua. Adhiambo alisema mgonjwa akiacha kuomba chakula, wodini kwao hawaiti hiyo nafuu.

Yeye hajasomea ualimu. (Mimi pia sijaenda chuo bado, lakini nimeshaomba nafasi.)

Jumamosi, 10 Oktoba

Hodi asubuhi. Mwanamume wa makamo, kanzu, kofia iliyodariziwa, adabu nyingi. Akajitaja: Mahadhi. Nilimpa shikamoo huku nimeziba mlango kwa mwili wangu. Akauliza kama tumemwona kasuku. Tangu Jumatatu ameuliza mtaa mzima, akasema, na nyumba yetu ameiacha mwisho kwa kuwa anakaa mwalimu. Maneno hayo yaliniudhi kuliko kama angenituhumu.

Nikasema hapa hapana ndege wa mtu. Si uongo. Ndege ni wa nafsi yake.

Ndani, Fasihi akakohoa.

Nami nikakohoa. Nikasema nina mafua. Adhiambo akapaza sauti kutoka chumbani kwamba ni kweli, Mwalimu anaumwa, tena kikohozi chake kimeota ndevu.

Mahadhi akatazama chini. Akaeleza taratibu, kana kwamba anamsimulia mtu asiyehusika. Kasuku ni wa dada yake, Bi Mwanatumu, mjane wa fundi Muhidin aliyefariki mwezi wa Juni. Dada yuko edani, miezi minne na siku kumi hatoki nyumbani kwake. Watu walipokuja kumpa pole, kasuku alikuwa akimwita kwa sauti ya marehemu. Mama mmoja aliyetoka Kilifi alizimia. Ndipo wakamhamishia dukani, naye Mahadhi humlisha kila alfajiri akitoka msikitini. Eda inakwisha Alhamisi. Dada bado hajaambiwa kwamba ndege hayupo, na siku atakayotoka, jambo la kwanza ni kwenda dukani kumsikiliza. Kuna sauti moja tu iliyobaki ya mume wake, akasema, na iko katika ndege yule.

Alipogeuka kuondoka akaongeza kwamba ikitokea nikamwona, ndizi imenywe, na asifunikwe na nguo. Akifunikwa hununa.

Nimekasirika mpaka sasa. Kwa nini hawakubandika karatasi dirishani? Mstari mmoja! Mtu mwenye elimu angeusoma!

Nitamwendea mjane mwenyewe. Mwanamke kwa mwanamke. Haiwezekani akataka kuendelea kuamrishwa na marehemu. Atanishukuru.

Jumapili, 11 Oktoba

Nilikwenda baada ya ibada, na gauni langu la kanisani, leso kichwani. Kwetu Rabai hatukai eda, sikujua la kusema, kwa hiyo nikasema niliyokuwa nimeyaandaa.

Bi Mwanatumu ni mwembamba. Mgongo umenyooka kabisa. (Hilo lilinitatiza.) Shikamoo, marahaba, mwanangu. Nikampa pole ya msiba. Kisha nikampa pole ya miaka yote ya kuteka maji.

Akauliza maji gani.

Nikasema najua yote. Nikasema mume hana haki ya kumwita mkewe kwa neno moja, ndoo, kama anayeita mtumishi, na kwamba wanawake wa leo hatutakubali...

Hapo nikatambua nimejifichua.

Hakuuliza neno hilo nimelisikia wapi. Alicheka. Akajifunika uso kwa mtandio, na alipoufunua sikuweza tena kujua kama ni kicheko. Akaniambia, "Kwetu Amu, mnakokuita Lamu, mwanangu, ndoo ni njoo." Na ndaa ni njaa, akasema, na kwa uso wangu anaona nimeshaisahihisha hiyo pia.

Marehemu alianza kupoteza nuru ya macho mapema. Uzi ukikatika, hakuweza kuutia katika tundu la sindano. Basi huita: Mwanatumu, ndoo. Naye huacha alichoshika, huenda, humtungia uzi. Miaka ishirini na saba. Mbele ya wateja fundi Muhidin alikuwa na haya nyingi, na hilo ndilo neno pekee alilothubutu kumwambia mkewe kwa sauti.

Kisha akaniuliza, polepole, kama bado kasuku hulisema.

Nikasema ndiyo. Kila saa.

Nimerudi nyumbani nimekuta leso juu ya tundu, vile vile nilivyoiacha asubuhi.

Na vitabu vyetu vya sarufi! Kurasa mia mbili, na Amu haikutajwa hata mara moja! Nitawaandikia wachapishaji.

Jumanne, 13 Oktoba

Siku mbili nimesimama mbele ya tundu nikisema kwa sauti nzito: Mwanatumu, ndoo. Nimekohoa mpaka koo linawaka. Shuleni mwalimu mkuu ameniambia nirudi nyumbani nikapumzike, nisije nikawaambukiza watoto. Fasihi ananitazama kwa jicho moja. Halafu kwa lile la pili.

Leo saa kumi alasiri akafungua mdomo. Adhiambo aliketi kitandani. Mimi nilishika meza.

"Ndoo, hapana!"

Sauti ya mwanamke. Kali, ya puani.

"Ndoo, hapana! Sema Jedida. Rudia! Rudia!"

Adhiambo akaanguka chali. Alipopata pumzi akasema hata kwenye soko la watu elfu angeijua sauti hiyo. Mimi sisemi kwa pua. Naliandika hili kwa uzito wote: sisemi kwa pua.

Jina langu amelisema. Mara kumi na saba nimehesabu. Ndilo nililolitaka wiki nzima, na kila likija natamani kuingia chini ya kitanda.

Zimebaki siku mbili. Hakuna mwingine aliyeifuta sauti ya marehemu ila mimi!

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimemrudisha. Adhiambo aliomba ruhusa kazini ili aje. Kuja kuniona nikiaibika, nadhani, ingawa tundu alilibeba yeye kwa kuwa mimi bado nang'atwa.

Mahadhi alifungua duka. Hakunilaumu, na jambo hilo halivumiliki. Bi Mwanatumu akaja, ametoka edani, leso mpya, ananukia udi, na wanawake saba nyuma yake. Nikakiri mbele yao wote. Dirisha, leso, njugu. Nilipofika katikati ya maelezo, kutoka tunduni ikaja: "Ndoo, hapana! Rudia!"

Kicheko! Mmoja akasema, "Mashallah, Mwalimu ana mwanafunzi mmoja anayesikia." Bi Mwanatumu hakucheka. Alisogea akamwita kasuku kwa jina lake, ambalo kumbe ni Pakacha. Pakacha! Ndege mwenye akili kama ile!

"Pakacha," akasema tena. Kasuku akageuza uso ukutani.

Nilimtazama yule mama akisubiri. Nikaona kwamba nimemzika fundi Muhidin mara ya pili, na safari hii mimi ndiye niliyefukia.

Adhiambo ndiye aliyeuliza kama cherehani bado inafanya kazi. Alisema ana wagonjwa waliosahau majina ya watoto wao, lakini ukiwapa jembe mkononi wanaanza kusimulia shamba. (Hata mimi nilikuwa nakaribia kufikiri hivyo.) Bi Mwanatumu akaifunua cherehani, akaketi, akatia mguu kwenye kanyagio. Ikaanza kunguruma. Akashona kitambaa kitupu, mstari, mstari mwingine. Hakuna kitu. Wanawake wameacha kucheka. Kisha akaukata uzi kwa makusudi, na cherehani ikanyamaza.

Kikohozi.

"Mwanatumu, ndoo!"

Alikuwa ameketi pale pale, hatua mbili kutoka tunduni. Akainuka hata hivyo. Akaenda. "Nishakuja," akasema.

Mahadhi alitoka nje. Nami nikatoka. Mtaa huu una vumbi kupita kiasi, linaingia machoni, ni aibu, na hakuna anayelalamika.

Jumapili, 18 Oktoba

Meza yangu ilibaki tupu. Siku mbili bila kikohozi. Adhiambo alisema juzi kwamba angalau nimepata funzo. Nikamwuliza funzo gani. Kulikuwa na tatizo la lahaja, limetatuliwa, basi.

Bi Mwanatumu ana chumba cha uani na alikuwa anatafuta mpangaji, mwanamke mtulivu. Nilipomwomba alinitazama sana. Akasema haya, mwanangu, karibu, ila ndege ni wake. Nikasema bila shaka. Adhiambo amenisihi nisiende. Akaniita kichwa kigumu, kisha akanibebea sanduku mpaka mlangoni. Nilihamia jana.

Na nimekuta nini? Tundu limetundikwa ukumbini, mkabala na mlango wa mbele! Upepo unampiga ndege kifuani. Kila mgeni anayeingia anamsemesha anavyotaka, huyu kwa Kigiriama, yule kwa Kihindi, muuza samaki kwa matusi. Ndege mwenye dhamana ya sauti ya marehemu! Nimestaajabu kwamba katika nyumba nzima hakuna aliyeliona hili mpaka nilipofika mimi.

Bi Mwanatumu amekwenda kwa Mahadhi tangu asubuhi, atarudi adhuhuri. Sikuona haja ya kumsumbua kwa jambo dogo. Tundu nimeshalihamishia chumbani kwangu, na mlango nimeufunga kwa ufunguo.