Mkunga na Kulabu ya Boneti

Sogeeni, enyi wenye magari na enyi wenye miguu tu. Zimeni honi, kazeni breki za ndimi, niwasimulie vita vilivyopiganwa asubuhi moja katika uwanja wa ukaguzi wa magari, ambako shujaa alikuwa mkunga wa makamo, na adui alikuwa kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole.

Mkunga huyo, Mpokea Vichwa, Mfungua Milango ya Dunia, alikuwa na gari kuukuu la kuwafuatia wajawazito majumbani. Tawi la mti likaiangukia boneti, ikabonyea kama sufuria iliyokaliwa. Fundi akamwekea nyingine ya faiba, nyepesi, inayong'aa, isiyotoka kwa waliolitengeneza gari. Nayo sheria ilinena: boneti ya namna hiyo haiingii barabarani mpaka mkaguzi airidhie. Na wiki hiyo wajawazito watatu walikuwa wamefikisha siku zao!

Akatokea mkaguzi, pandikizi la mtu, mabega kama mlango. Akapitisha kitambaa ukingoni mwa boneti, hakikunasa popote. Akazitazama taa, hazikufunikwa. Foleni nzima ikashusha pumzi. Kisha akavuta kifungulio ndani ya gari, na boneti ikaruka juu, wazi kabisa, kama kinywa cha kiboko.

"Mama!" akanguruma. "Boneti hufungwa mara mbili. Kufuli ikifyatuka, kulabu ya usalama huidaka. Yako imelala ubavu! Ukienda kasi, upepo utainyanyua boneti ikufunike kioo chote, uendeshe gizani mchana kweupe. Haipiti!"

Mumewe, mwalimu mstaafu aliyekuja kumshikia makaratasi, akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika hadi getini: "Mwambie basi kwamba ni wewe uliyempokea alipozaliwa!"

"Nilimpokea ayafumbue macho," mkunga akajibu, "si ayafumbe."

Mkaguzi akakohoa. Akainama aisimamishe kulabu mwenyewe, lakini vidole vyake vinene havikupenya tunduni. Dereva wa gari la nyuma akaleta bisibisi. Ikateleza, ikatoweka ndani ya injini.

"Basi ikang'olewe kwa fundi," mkaguzi akatangaza. "Urudi wiki ijayo."

Wiki ijayo! Watoto hawajui wiki ijayo. Akakunja mikono ya gauni. Akavaa glavu. Akafumba macho, na mkono wake mwembamba ukazama tunduni hadi kifundo.

"Ametanguliza matako," akasema.

Foleni nzima ikasogea kuchungulia.

"Lakini atageuka. Taratibu, baba, taratibu. Usinisukume, nami sikusukumi."

Jasho likamchuruzika puani. Mumewe akawa anapumua kwa kishindo, kama ndiye mwenye uchungu. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu... *Ka!* Kulabu ikasimama wima juu ya springi yake.

Mkaguzi akaibamiza boneti, akavuta kifungulio. Ikainuka kidogo, ikakamatwa. Akaishika kwa mikono miwili, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Gari zima likanesa, boneti haikufunguka.

"Imepita, mama," akasema, kwa sauti ndogo ya mtoto aliyekogeshwa.

Vigelegele vikapasuka, honi zikalia, makaratasi ya mwalimu yakapaa angani. Na iandikwe katika kumbukumbu za mataifa: siku ile, saa nne na dakika kumi, kulabu moja ilisogea upana wa ukucha, na kwa upana huohuo, barabara zote za dunia zikawa salama zaidi.