Mbuzi Mbili za Direction

Lusenge hakukuwa mwizi, hapana. Mwizi anakimbia, yeye alikuwa anangoja batu bamuite fundi. Kazi yake ilikuwa pale barabara ya Vuhovi inaingia Butembo. Motokari ikisimama, anamwanga chini yake mawese yenye kuchanganywa na essence ya piki, mekundu sawa huile ya direction, yale mafuta yenye kulegeza volant, ndiyo usukani. Ikiondoka, anaifuata na piki yake, anaisimamisha, analalamika sana na kuitengeneza kwa franga, maana alikuwa na huruma ya batu.

Mais juma hiyo huruma ilikuwa na haraka. Siku ya posho, ile ya sita, alipaswa kupeleka mahari kwao Gracieuse, kule Vuhovi, na alikosa mbuzi mbili. Bukwe, jamaa ya binti, walikuwa wamemuona mujumbe wake tu, yeye bado. Na Éphraïm wa pharmacie, mwenye kumutaka binti huyo huyo, alikuwa na mbuzi zake tayari, zinalia kwenye kamba.

Basi siku ya ine, camionnette moja ya zamani ikasimama, muzee akashuka kununua mukate. Nyuma, mbuzi tatu. Lusenge akashukuru Mungu, akamwanga bidon yote.

Mbele kidogo akamufikia.

"Muzee, simama! Huile ya direction inamwangika! Volant haiko nguvu?"

"Nguvu sana, mutoto wangu. Mabega inaniuma."

"Na kwa kona?"

"Kwa kona ninaomba."

"Yee! Huile ikiisha kwa mushuko, volant inakataa kabisa. Utapinda ukiwa mbinguni."

Muzee akainama, akagusa yale mafuta, akanusa.

"Inanukia sombe ya jikoni."

"Ni huile mupya ya Dubai, muzee."

Lusenge akaingia chini, akafunga kipande cha mupira kwenye tiyo ya kwanza aliyoona, akatoka na uso wa daktari.

"Franga sina," muzee akasema. "Ni mbuzi tu."

"Mbili, na tunamaliza."

"Mbili! Za nini?"

Hapo furaha ikamulegeza mudomo. "Za mahari! Siku ya posho, kwa Gracieuse, binti ya Nzanzu!"

Muzee akamuangalia uso vizuri. Kisha akafungua kamba yeye mwenyewe.

"Chukua. Hata huyu mwenye sikio ya kukatwa. Mungu akufikishe."

Mungu akamufikisha. Siku ya posho Lusenge akaingia kwa bukwe na veste ya kuazima, mujumbe wake mbele, mbuzi zote nyuma. Hawajasalimia bado, mbuzi mbili zikavuta kamba, zikakatiza katikati ya bamama wenye kuimba, zikaingia moja kwa moja kwenye zizi nyuma ya jikoni.

Kwenye kiti cha kupokea mahari, baba mukubwa wa Gracieuse akaondoa kofia. Alikuwa muzee wa camionnette, Kasonia kwa jina.

"Zimerudia nyumbani," akasema pole pole. "Wasingya sana, aksanti kwa kuzisindikiza."

Lusenge, mwenye maneno ya kuuzia mutu viatu vyake mwenyewe, akajificha nyuma ya mujumbe wake.

"Camionnette yangu haina direction assistée," Kasonia akaendelea. "Haijawahi kuonja ile huile. Volant iko nguvu tangu marehemu baba aliinunua. Mimi nilikuambia kweli tupu, mukwe. Weye ulinijibu nini?"

Wazee wakashauriana, donc hukumu haikuchelewa: mbuzi mbili zenye kukosa, mbili za amende, malipo ya kosa, na piki ibaki hapo mpaka zote ine zifike.

"Ninakupa mwezi moja, Lusenge," Gracieuse akasema, macho makavu. "Na kila mbuzi nitaiuliza inatoka kwa nani."

Lusenge akainama, akasema ndiyo, na haya ilimuuma kweli. Akaanza kushuka kwa miguu kuelekea Butembo, viatu mukononi sababu ya matope.

Alipofika kwa kona, akasikia sauti ya Gracieuse toka juu:

"Lusenge! Simama! Huile inamwangika!"

Na mujanja wetu, haki ya Mungu, akasimama, akaangalia chini yake.